Majina Niliyoyasoma Changamwe

Nyumba ya Bi. Mishi,
Chaani, Changamwe,
Mombasa, Kenya.

Jumanne, 19 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Subilaga,

Shikamoo. Nakusalimu kwa magoti mawili, ingawa kwa kweli nimekaa kitandani na karatasi nimeilaza juu ya sinia, maana meza bado sijanunua. Hujambo wewe? Goti la kushoto linasemaje tangu mvua zikatike? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawaweka roho juu? Mimi mwanao ni mzima. Nakula, nalala, na suruali zangu hazijaanza kuniteremka, kwa hiyo usimsikilize anayekwambia nimekonda. Najua ni Ambokile. Picha aliyoiona nilipigwa saa saba mchana nimekunja uso kwa jua, na mtu yeyote akikunja uso huonekana ana njaa.

Barua yako niliipokea kutoka kwa yule mchungaji wa Tanga aliyekuja kwenye semina. Ilikuwa imekunjwa mara nne na inanukia majani ya chai. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Ni kweli tungeweza kupigiana simu, lakini wewe mwenyewe umesema simu inakumezea maneno, nami nikikupigia naishia kupiga kelele tu za hujambo, hujambo, mpaka salio linakwisha. Basi nitaandika, na wewe utasoma taratibu na miwani yako.

Umeniuliza joto likoje. Shangazi, nilifika mwezi wa pili, na kwa wiki tatu za kwanza nilidhani ninaumwa. Nikienda kuoga narudi nimelowa jasho kuliko nilivyokwenda. Lile sweta ulilonifumia liko chini kabisa ya begi na sijalitoa hata mara moja. Sasa ni Agosti, wenyeji wanasema ni baridi. Mama mwenye nyumba yangu anajifunika shuka mabegani asubuhi na kulalamika, na mimi nipo hapo hapo pembeni natafuta upepo unapopita.

Changamwe si kama ulivyokuwa ukiiona kwenye kalenda za Mombasa, zenye minazi na mchanga mweupe. Hapa ni matangi ya mafuta, viwanda, na malori. Malori yenyewe hayaishi. Kanisa letu ni chumba cha kupanga kando ya barabara, zamani kilikuwa duka la vyuma, na ukutani bado kuna orodha ya bei za misumari ambayo rangi imeshindwa kuifunika. Nimejifunza kuhubiri kwa vituo: lori likipita nanyamaza, likishapita naendelea. Waumini wamezoea, hawageuki hata kutazama. Ndege nazo zinapita juu kuelekea uwanjani, lakini hizo nazishinda kwa sauti.

Mama mwenye nyumba anaitwa Bi. Mishi. Ni mjane, Mwislamu wa hapa hapa tangu mababu, anakaanga mahamri alfajiri na kuyauza pamoja na mbaazi za nazi kwa watu wanaokwenda kazini. Siku ya kwanza aliniambia kwamba dini yangu ni yangu na yake ni yake, ila usafi wa choo ni wetu sote. Tangu hapo tunaelewana vizuri sana. Kiswahili changu anasema ni cha bara, kinakimbia mno, na kwamba mtu akisalimu haraka haraka namna ile huonekana anadaiwa. Kwa hiyo mimi niliyetumwa kuhubiri nimekuwa mwanafunzi kila asubuhi, sahani ya mbaazi mkononi, narudishwa nyuma nisalimu upya.

Waumini wangu karibu wote wametoka bara ya Kenya kufuata kazi. Wengi ni Wakamba, na wachache ni Wataita na Wajaluo. Wanapakia na kupakua mizigo, wanaendesha, wanalinda mageti. Wananiita Pasta. Nimewaeleza mara nyingi kwamba mimi ni mwinjilisti tu, nina miaka ishirini na minne na sijawekewa mikono, wanaitikia vizuri sana, halafu wananiita Pasta. Nimeacha kubishana.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lililofanya barua hii iwe ndefu. Nimekosea, Shangazi, na kosa lenyewe nililibeba kutoka kwenu, kutoka Tukuyu, nikalileta huku kwa nia njema kabisa. Nataka ulisikie kwangu kabla halijafika kwa Ambokile.

Unakumbuka kwetu ibada ikiisha, mzee wa kanisa husimama na kusoma majina ya wale ambao hawajaonekana. Na jua halizami kabla mtu hajafika mlangoni kwako. Nilipokuwa na miaka tisa nikapatwa na malaria, jina langu lilisomwa, na wewe ulikuwa wa kwanza kufika, na matope hadi magotini, na sufuria ya ndizi kichwani. Baada yako walikuja wengine saba. Nadhani nilipona upesi ili wageni waniache nipumzike. Sikuwahi kufikiri kwamba kusomwa jina kunaweza kuwa kitu kibaya. Kwetu asiyeonekana Jumapili ni mgonjwa, au amefiwa, au ameteguka mguu mgombani. Hakuna jambo la nne, maana Jumapili hakuna anayelima.

Basi hapa, mwezi wa saba, watu walianza kupungua. Tulikuwa arobaini na mmoja, tukawa thelathini, tukawa ishirini na kitu. Nilikasirika, sikufichi. Nilijiambia imani yao imepoa, na kwamba kumbe hawana ule utaratibu wetu wa kutafutana. Nikanunua daftari jipya, nikaandika majina yote, na Jumapili ikiisha nikasimama na kusoma wasiokuwapo. Nilisoma kwa sauti ya kushindana na malori. Majina kumi na moja.

Watu walitazama miguu yao. Nilidhani wameguswa. Fancy, binti anayeongoza nyimbo, alianzisha wimbo kabla sijafika jina la mwisho, nami nikadhani amekosea mahali pa kuanzia, nikamwashiria kwa mkono angoje. Alingoja, maskini, na mimi nikamaliza orodha yangu. Kumbe mtoto wa watu alikuwa anajaribu kuniokoa.

Jumapili ya tarehe ishirini na saba, kati ya majina niliyosoma kulikuwa na la Kioko.

Kioko ni Mkamba, ana miaka kama thelathini hivi, mrefu, mpole, anaongea kana kwamba anaomba radhi. Anapakua magunia ya mchele na sukari kwenye ghala moja hapa, wao wanaliita godauni. Msimamizi wake ni Bonface, naye Bonface ndiye mzee wa kanisa letu, anakaa benchi la mbele. Pale ghalani watu hufanya kazi siku zote saba wiki nzima, kontena zikija hazingoji mtu. Kioko aliomba Jumapili yake iwe huru apate kwenda kanisani, na Bonface alimpatia. Haikuwa rahisi. Wakubwa walimuuliza kwa nini huyu apumzike na wengine wasipumzike, na Bonface akatoa neno lake mwenyewe kwamba mtu huyu anakwenda ibadani, anamjua, wanasali pamoja. Haya yote mimi sikuyajua siku ile niliyosoma.

Na ilikuwaje Bonface asijue siku zote hizo kwamba mtu wake hayupo? Ni kwamba yeye mwenyewe huitwa kazini Jumapili nyingi, na mwezi ule wa saba hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili yake ya kwanza kuwapo. Alikaa mbele, hakugeuka nyuma, akasikia jina kutoka mdomoni mwangu.

Baada ya ibada nilikwenda kula kwake. Mkewe, Maryanne, alikuwa amepika kuku na chapati, na mimi nilikula kama mtu aliyefanya kazi kubwa. Bonface aliniuliza kama nina hakika Kioko hakuwapo. Baada ya kitambo akauliza na Jumapili zilizotangulia. Shangazi, nilitoa daftari kwenye mfuko nikamwonyesha. Jumapili nne mfululizo, nimeweka alama nyekundu. Nilijisikia karani hodari. Yeye alifunga daftari polepole, akanirudishia, akasema karibu uongeze chapati.

Jumatano alikuja Mueni, mke wa Kioko. Nilimkaribisha ukumbini kwa Bi. Mishi akakataa kukaa. Alisema Kioko aliambiwa Jumatatu asubuhi getini arudi nyumbani, jina lake limeondolewa kwenye orodha ya vibarua. Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja tu.

"Pasta, sisi tulikukosea wapi?"

Nilijitetea. Nilisema nilisoma tu kama tunavyosoma kwetu, kwamba ni upendo, kwamba sikujua mambo ya kazini. Aliniacha nikamaliza, akasema asante, akaenda zake. Ile asante ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Nilimgeukia Bi. Mishi, aliyekuwa hapo anapepeta unga na amesikia kila kitu. Nilitaka aniunge mkono, nisikufiche. Nilimweleza ule utaratibu wetu mzuri, nikamweleza na ndizi zako. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka ungo chini.

"Na wewe ulipomkosa, ulikwenda kumjulia hali?" aliniuliza, akajijibu mwenyewe. "Hukwenda. Wamtangaza tu, kama mbuzi aliyepotea. Wallahi, baba, ningekuwa mimi nisingerudi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeichukua ile nusu ya kusoma, na ile nusu ya matope magotini nimeiacha Tukuyu. Majina kumi na moja, kisha tisa, kisha kumi na mawili, na mimi sikuwa nimekwenda kwa hata mmoja. Kila Jumapili nilifunga daftari nikaenda kula.

Jioni ile ile nilikwenda mtaa wa Migadini kumtafuta Kioko. Niliuliza njia mara tatu. Miezi sita hapa, na nyumba ya mtu wangu nilikuwa sijui iko wapi. Wana chumba kimoja na kibaraza kidogo mbele, pazia la maua limekigawa chumba katikati. Kioko alinipokea vizuri, akanipa kiti chenye mgongo, yeye akakaa kwenye jerikeni. Nilimwomba msamaha, kisha nikamuuliza, kwa kuwa ilinibidi nijue, Jumapili zile alikuwa wapi.

"Nilikuwa nimelala, Pasta," alisema. "Si pombe, si mwanamke. Nilikuwa nimelala tu."

Alinieleza taratibu. Siku sita anaingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa mbili usiku, gunia moja kilo hamsini. Alipoomba ruhusa ya kanisani hakudanganya, alikusudia kuja, na mwanzoni alikuja kweli. Lakini akikaa tu kwenye benchi, macho yanafunga. Mwili ukikataa umekataa, alisema. Halafu akatazama chini, akasema kuna Jumapili moja nilimwamsha kutoka mbele, na watu wakacheka.

Nilikumbuka. Ilikuwa mwezi wa sita. Nilisema kuna ndugu yetu mmoja anamwona Bwana katika ndoto, tumngoje atusimulie. Nilikuwa nimejivunia mzaha huo mpaka nikauandika pembeni ya mahubiri yangu. Tangu siku hiyo Kioko aliona afadhali alale nyumbani kuliko kulala mbele ya watu. Nilirudi Chaani kwa miguu nikiona haya hata ya kusalimu.

Sasa kwa Bonface ungeniambia nifanye nini, Shangazi? Ijumaa nilimfuata kwenye geti la ghala wakati wa chakula. Nilimwomba amrudishe. Alinijibu kwa heshima, lakini uso haukulegea. Alisema yeye aliweka neno lake mbele ya wakubwa, na vijana wengine wote wanaotaka Jumapili walikuwa wakimtazama. Mtu aliyepewa ruhusa ya kanisani asiende, amemfanya yeye kuwa mwongo. Nikasema, lakini Bonface, ana mke na watoto wawili.

"Pasta, jina ulisoma wewe," alisema. "Mimi nilisikia tu."

Nilikuwa na neno moja mdomoni la kumaliza mambo yote. Ningesema daftari lilikosewa, kwamba Kioko alikuwapo nyuma nami sikumwona. Bonface angeniamini, maana mimi ndiye Pasta. Nilisimama pale jua la saa saba likinichoma kisogo, neno liko tayari. Lakini mtu huyu alikuwa ametoka kuniambia jinsi ilivyo uchungu kuaminiwa halafu ikawa si kweli, na mimi nimwongezee uongo wa pili? Nililimeza. Nilimwambia tutaonana Jumapili. Njiani nilijilaumu kwamba nimechagua usafi wangu na kumwacha Kioko bila unga. Usiku huo na uliofuata niliomba, na sikupata jibu lolote la maana ila kwamba nisiende tena kula kabla sijakwenda kuona watu.

Jumapili ya tarehe tatu nilipanda mbele bila daftari. Niliyaacha mahubiri niliyokuwa nimeandaa, nikawaeleza habari za Tukuyu, mzee anayesoma majina na watu wanaotoka wakaenda. Nikawaambia mimi nimewasomea majina kwa Jumapili tatu na sikwenda kwa mtu hata mmoja, kwa hiyo nilichofanya hakina jina lingine, niliwaaibisha, na ninaomba radhi. Malori mawili yalipita katikati na niliyangoja yote mawili. Kisha nikasema leo nikitoka hapa ninakwenda kwa Kioko, na asiyetaka kuja haniudhi. Bonface alikuwa kwenye benchi lake, mikono kaikunja kifuani.

Nje nilimkuta amesimama kando ya mlango na Biblia kwapani. Hakunitazama. Alisema, "Twende basi." Tukaenda.

Mueni alitufungulia, akamwona Bonface, akashtuka. Kioko alikuwa ndani nyuma ya pazia, amelala. Mueni alieleza kwa kunong'ona kwamba tangu mumewe aachishwe amepata kibarua cha usiku soko la Kongowea, kushusha malori ya vitunguu, vile vitunguu vyekundu vinavyotoka kwetu Tanzania. Alikuwa amerudi saa tatu asubuhi. Mueni alitaka kumwamsha, nikamkataza. Nikasema tutangoja.

Tukakaa kibarazani. Mueni alituletea muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharage, nikala changu na cha Bonface nusu, maana yeye alikuwa akitazama tu saa yake. Saa saba ikapita. Saa nane. Watoto wa jirani walipopiga kelele, mama mmoja wa mlango wa pili alitoka akawanyamazisha, akatuambia huwa wanawanyamazisha hivyo kila Jumapili, plot nzima, ndivyo wanavyoita nyumba za kupanga za ua mmoja, inajua Kioko amelala. Bonface alimuuliza, kila Jumapili? Yule mama akasema kila Jumapili, na akatutazama kama anayeuliza ninyi mlikuwa wapi.

Nilifungua kinywa nimsemeshe Bonface kitu, nikaona kichwa chake kimeanguka kifuani. Amelala. Amelala kabisa, Biblia mapajani, mdomo wazi. Kumbe naye alikuwa ghalani tangu Ijumaa na kontena za mchele, alikwenda nyumbani kuoga tu akaja ibadani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba msimamizi naye huchoka. Mimi hufikiri polepole, unanijua.

Karibu na saa tisa pazia likafunguka, Kioko akatoka na taulo shingoni. Akamwona bosi wake kwenye kiti chake, anakoroma. Mueni akanyoosha mkono kumtikisa Bonface begani, na Kioko akaushika ule mkono.

"Mwache alale," alisema. "Leo Jumapili."

Akakaa kwenye jerikeni karibu nami, tukangoja wote watatu. Saa kumi Bonface alizinduka mwenyewe, akajifuta mdomo, akamkuta Kioko mbele yake. Hapakuwa na hotuba, Shangazi. Waliulizana hali. Bonface akanywa chai, akasifu chai. Aliposimama kuondoka ndipo alipomwambia Kioko kesho saa kumi na mbili aje getini, asichelewe. Kioko akauliza, na Jumapili? Bonface akavaa viatu vyote viwili kabla ya kujibu. Akasema Jumapili ni yako kama ilivyokuwa, na wakubwa nitawaambia unapumzika, kama mtu yeyote anavyostahili kupumzika, nao waseme wanachotaka.

Sijui ilikuwaje huko juu kwa wakubwa. Najua walinung'unika, na najua Bonface hakurudi nyuma. Kioko amerudi kazini tangu Jumatatu ile. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, akakaa nyuma, akasinzia kabla sijafika somo la pili. Hakuna aliyecheka. Nami nilishusha sauti.

Na sasa tumeanzisha ibada fupi ya Alhamisi jioni kwa wale wasioweza Jumapili. Watu tisa wiki ya kwanza, kumi na wanne wiki iliyopita. Wengine ni wale wale niliowapigia alama nyekundu. Nimeridhika, Shangazi, nakuambia kwa furaha ya kweli. Nimeanza kuwapenda watu hawa jinsi walivyo, si jinsi nilivyowaandika daftarini.

Karatasi inakaribia kuisha, ngoja nitume salamu kabla sijasahau. Msalimu Babu Mwaipopo, mwambie dawa ya mgongo nimemtafutia na itakuja na mchungaji wa Tanga. Msalimu Tusajigwe na mtoto wake mchanga ambaye sijamwona, nasikia ana masikio yangu, pole yake. Ambokile naye msalimu, ingawa ameniharibia jina. Wasalimu wanakwaya wote, na mzee anayesoma majina, mwambie huku nimejifunza kazi yake ni kubwa kuliko nilivyodhani. Bi. Mishi anakusalimu pia, anataka kujua hizo ndizi zenu mnazipika na nini.

Nimalizie kwa Jumapili ya juzi, tarehe kumi na saba. Kioko hakuja. Benchi lake lilikuwa tupu nami nililiona, kila mtu aliliona. Sikusoma jina lolote. Ibada ilipokwisha nilibaki nyuma kidogo kufunga madirisha na kukunja kitambaa cha meza, kisha nikanunua ndizi kwa mama anayeuza kando ya barabara, nikashika njia ya Migadini peke yangu.

Nilipofika nilikuta viatu vimejaa mbele ya kibaraza. Bonface na Maryanne walikuwa wametangulia, na Fancy, na wazee wawili wa benchi la nyuma ambao sijui kama waliwahi hata kuzungumza na Kioko. Wamekaa wamebanana kwenye mkeka, sufuria ya chakula katikati imefunikwa, na hakuna aliyekuwa akisema neno. Hata Fancy, ambaye sauti yake inafika mtaa wa pili, Port Reitz. Mueni aliniona, akaweka kidole mdomoni, akanisogezea nafasi. Kioko alikuwa bado amelala. Nikavua viatu nje nisije nikapiga kelele, nikakaa nao kumngoja aamke.

Mungu aliyekulaza salama siku zote hizi aendelee kukulaza salama, na akuamshe ukiwa na nguvu za kutembelea watu.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Lusajo